Saa Ambayo Baba Hakupewa

Mteja yule walimbandika jina la Mjukuu kwa sababu hakuweza kusema maneno mawili bila kumtaja babu yake. Alikuwa mwanamume wa makamo, ananukia vizuri, mpole hata kwa mhudumu wa chai, na siku aliyokuja kwenye kampuni ya matangazo alishika kisanduku cha mbao kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Alikiweka juu ya meza ya mkutano, akakifungua. Ndani, juu ya kitambaa cheusi, ililala saa ya mkononi, nzito kama kufuli la ghala.

"Inaitwa Vizazi," alisema.

Mwandishi wa matangazo, ambaye kwao walimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa binti wa mwisho kuzaliwa, aliichukua akaigeuza. Saa ilikuwa nzuri, haina ubishi. Akauliza inatengenezwa wapi.

"Mashine ya ndani tunaiagiza nje, inakuja kwa makatoni. Mikanda nayo ni ya kuagiza. Tunaunganisha hapa hapa, kwenye ghala la zamani la kiwanda cha babu."

Kiwanda cha babu kilikuwa cha mashuka. Kitinda alikijua vizuri kuliko alivyotaka kukijua.

Bosi wake, mwanamke mkavu aliyezoea kuvua viatu chini ya meza, aliuliza swali ambalo lilibidi liulizwe. "Sasa tuseme nini? Kampuni yako haijamaliza hata miaka miwili. Saa za bei hii watu wanazinunua kwa historia. Lazima kuwe na mzee fulani, karakana fulani, vumbi kidogo."

"Ndiyo maana nimekuja kwenu," Mjukuu alijibu, wala hakuona haya. "Saa ya kukuonyesha saa ngapi utaipata barabarani, hata simu inakuonyesha. Mimi nauza ukoo. Mtu akiivaa ajione ametoka mahali. Nitafutieni mahali hapo pa kutoka."

Kazi hiyo ilimwangukia Kitinda. Akakaa nayo wiki nzima, anaandika na kufuta. Aliandika juu ya babu aliyependa kushika muda, bosi akasema kila babu anapenda kushika muda. Aliandika juu ya mikono ya mafundi, bosi akasema mafundi wenyewe ni vijana watatu wenye bisibisi. Mwishoni mwa juma wakakutana tena wote, na meza ilikuwa tupu kama sahani ya mwenye njaa. Mjukuu akawa anaichezea kalamu yake. Bosi akamtazama Kitinda kwa jicho ambalo watu wa pale walilijua maana yake.

Ndipo ulimi, ambao hauna mfupa, ukateleza.

"Baba yangu alikuwa mpiga king'ora kwenye kiwanda cha babu yako," alisema.

Mjukuu akaacha kalamu.

Hadithi ile Kitinda aliijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Aliisikia tangu yuko mgongoni. Kila mgeni aliyekanyaga kwao alisimuliwa, chai haijapoa, na mama yao alipokuwa hai alikuwa akiinuka na kwenda kuosha vyombo visivyo na uchafu ilimradi asiisikie tena. Yeye na dada yake waliweza kuisema pamoja na baba, neno kwa neno, wakimwigiza hata anavyokohoa katikati.

Baba yake alikaa kwenye kibanda kando ya lango, na ukutani palikuwa na saa kubwa ya kiwanda. Asubuhi alivuta mnyororo, king'ora kikalia, watu wakaingia. Adhuhuri kikalia, wakala. Jioni kikalia, wakaenda makwao. King'ora kile kilipigwa kwa mvuke uliotoka kwenye tangi kubwa la kuchemshia maji ya mitambo, kwa hiyo mkono wake ulijua hali ya tangi kama mkono wa mama unavyojua homa ya mtoto. Siku moja mchana, bomba la kibandani likaanza kutetemeka. Mchochea moto alikuwa ameshamwambia msimamizi kwamba tangi linanguruma vibaya, akaambiwa aendelee kutia kuni, kuna mzigo wa kumaliza. Baba akaliangalia bomba, akaiangalia saa ya ukutani. Muda wa kutoka ulikuwa mbali. Akauvuta mnyororo.

Watu wakazima mitambo, wakamiminika nje wakicheka, wakidhani ni zawadi. Moto ukaachwa ukafifia, mvuke wa ziada ukatoka kwa njia ya king'ora kilichokuwa kinalia bila kukoma, na tangi likatulia. Halikupasuka. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Mwenye kiwanda, yaani babu, alitoka ofisini, akasimama uani na kuuliza ni nani aliyemwibia muda wake. Baba akaeleza. Tangi likakaguliwa, likakutwa kimya kama ng'ombe aliyelala. Alifukuzwa kabla jua halijazama. Wafanyakazi wote wakakatwa mshahara wa nusu siku, wakamchukia yeye badala ya aliyewakata. Jambo ambalo halikutokea halina shahidi.

Baada ya hapo baba alisukuma mkokoteni, akalinda shule, akachoma matofali. Mitaani watoto walimfuata nyuma wakiuliza, "King'ora, saa ngapi?" Alikuwa hawajibu.

Haya yote Kitinda aliyasema mezani pale, kwa haraka, bila kuyapamba. Alipomaliza alimtazama Mjukuu usoni na ndani yake, ingawa asingekiri, alitaka kuona mtu wa ukoo ule ameona aibu.

Macho ya Mjukuu yalikuwa yamelowa. "Baba yako alikuwa kwa babu," alisema. "Basi sisi ni ndugu kabisa." Akainuka, akazunguka meza, akamshika mkono. "Hii ndiyo yenyewe. Mtu mmoja, kibanda kimoja, saa moja. Tangi linapasuka, lakini watu wote wako nje. Babu anatoka ofisini, anaivua saa yake mkononi, anamvalisha."

"Tangi halikupasuka," Kitinda alisema. "Na babu yako alimfukuza."

"Nakuelewa, dada yangu. Lakini niambie wewe unayeijua kazi hii. Nani atanunua saa ya mtu aliyefukuzwa?"

Bosi alikuwa ameshavaa viatu. Hiyo ilikuwa dalili kwamba mkutano umekwisha, na umekwisha vizuri.

Angeweza kukataa. Alilifikiria jambo hilo akiwa kwenye ngazi, akalifikiria tena akipiga mswaki. Lakini kazi ilikuwa tamu, na cheo cha mkuu wa waandishi kilikuwa wazi, na zaidi ya hayo alikuwa na sababu nyingine aliyoipenda kuliko hizo mbili: kwamba walau baba yake, aliyezomewa maisha yake yote, sasa atapigiwa makofi. Akajiambia atakuwa anamlipa. Aliandika tangazo lile kwa siku mbili, na lilikuwa zuri. Hata yeye mwenyewe alipolisoma kwa sauti alisisimkwa. Akatia saini karatasi za kampuni kwamba hadithi ni yao. Kwa baba hakwenda kusema.

Baba aliishi kwa Dada Mkubwa, ambaye ni muuguzi, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye sebule iliyojaa makochi kuliko watu. Jumapili moja Dada alimpigia Kitinda simu. "Njoo nyumbani," alisema. "Usiulize kuna nini. Unajua kuna nini."

Alipofika alimkuta baba ameketi wima mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Dada alisimama mlangoni, bado na sare ya kazi.

"Nimeona mzee mmoja kwenye televisheni," baba alisema. "Ana ndevu zimechongwa vizuri. Anavuta mnyororo. Kibanda chake kina dirisha la kioo. Mimi changu hakikuwa na dirisha. Nyuma yake kitu kinalipuka, puu, halafu anakuja tajiri na kumvalisha saa, wanakumbatiana. Dada yako ananiambia mzee yule ni mimi."

"Ni wewe, baba. Yaani, ni kwa ajili yako."

"Nani aliwaambia habari za mnyororo?"

Kitinda aliangalia televisheni iliyozimwa.

"Maana mnyororo ni wangu," baba aliendelea, polepole, bila kupandisha sauti. "Na kule kukohoa kwake kabla hajavuta. Hata kukohoa umewapa."

"Baba, watu wote wanamsifu yule mzee. Huko mitaani wanamwita shujaa."

"Wanamsifu kwa sababu tangi limepasuka. Langu halikupasuka kwa sababu nililiwahi. Ndiyo kazi yote niliyoifanya duniani, mwanangu, kulizuia lisipasuke. Sasa wewe umelipasua."

Dada Mkubwa akasema pale mlangoni, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha akaenda jikoni, na masufuria yakasikika yakiwekwa kwa nguvu kuliko kawaida.

Kitinda alikuwa na jambo jingine la kusema. Mjukuu alikuwa anaandaa hafla ya kuitambulisha saa rasmi, na alitaka mzee mwenyewe apande jukwaani avalishwe saa ya kwanza. Alimwambia Kitinda mara tatu, na kila mara Kitinda alisema mzee anaumwa miguu. Sasa alilisema ili likataliwe, aende akamwambie Mjukuu kwamba limekataliwa.

"Nitakuja," baba alisema.

"Baba, si lazima."

"Wameniita. Nitakuja. Kuna kipaza sauti?"

Hafla ilifanyika jioni katika ukumbi wa hoteli, mazulia manene mpaka mtu hasikii hatua zake. Kuta zilitundikwa picha za kiwanda, zimekuzwa na kutiwa rangi ya kahawia ili zionekane za kale zaidi. Katikati ya ukumbi walijenga kibanda, chenye dirisha la kioo, na wageni walipanga foleni kupigwa picha wakivuta mnyororo. Kila wakivuta, spika ilitoa mlio wa king'ora, lakini mlaini, usioumiza masikio. Baba alivaa koti alilolivaa siku ya kumzika mkewe. Alikipita kibanda kile bila kugeuza shingo.

Mshereheshaji, kijana mwenye meno mengi, alimwita jukwaani. Ukumbi mzima ulisimama. Mjukuu akaifungua saa, akaufunga mkanda kwenye mkono wa baba kwa uangalifu, na kamera zikamulika kama radi. Kisha baba akanyoosha mkono mwingine na kukichukua kipaza sauti kutoka kwa mshereheshaji, ambaye hakutegemea.

Kitinda alikuwa ukutani, karibu na mlango wa wahudumu.

"Nashukuru," baba alisema, akakohoa. "Mimi ndiye niliyepiga king'ora. Tangi halikupasuka. Babu yake huyu kijana hakunipa saa. Alinifukuza kazi siku ile ile, akawakata wenzangu mshahara. Mke wangu alikuwa na mimba. Tulilala njaa. Sikuja hapa kuchukua saa, nimekuja mnisikie. Sikukosea. Nilisema kweli na sikukosea."

Kitinda, pale ukutani, alihisi kitu kama furaha. Amesema, aliwaza. Hatimaye amesema mbele yao.

Halafu mtu mmoja mezani mbele akaanza kupiga makofi. Wa pili akamfuata. Wakainuka wote, wengine wanajipangusa machozi, makofi yakaangusha hata vikombe. Mjukuu alimkumbatia baba kwa nguvu, na kwenye kipaza sauti ambacho bado kilikuwa kati yao alisikika akisema, "Nisamehe, mzee wangu. Kwa niaba ya babu, nisamehe." Mshereheshaji akakirudisha kipaza sauti mikononi mwake. "Mabibi na mabwana," alisema, "hiyo ndiyo inaitwa historia." Muziki ukapigwa. Baba alisimama pale katikati, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta haukufungwa.

Ile saa baba alikuwa ameshaivua na kuiacha juu ya meza ya hotelini, lakini mhudumu mmoja mwaminifu alikimbia nayo hadi kwenye maegesho, akaipitisha dirishani mwa gari kwa mikono miwili.

Asubuhi ya Jumatatu Mjukuu aliingia ofisini kabla ya wenye ofisi. Hakukaa kitini. "Mmeona video?" aliuliza. Ilikuwa imesambaa, kila mwenye simu anaituma kwa mwenzake. "Nilikosea, dada yangu, nakiri. Wewe ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Kufukuzwa ndiko kwenye utamu. Watu wamechoka na matajiri wema. Wanataka mtu aliyeonewa halafu akaja kushinda. Nimekaa usiku nimeandika maneno, si mwandishi kama wewe, lakini sikilizeni." Akasoma kwenye simu yake: "Babu alikosea. Saa haikosei."

Bosi alifumba macho, akayafumbua. "Tusiliguse hata herufi," alisema.

"Baba yangu hakuwa anatangaza saa," Kitinda alisema. "Alikuwa anamshitaki babu yako."

"Ndiyo," Mjukuu alisema kwa upole wa kweli. "Na mimi nimemsikiliza. Nani mwingine aliyewahi kumsikiliza?"

Swali hilo lilimkata maini, kwa sababu lilikuwa na jibu: hakuna, hata yeye mwenyewe. Alikataa kuliandika tangazo la pili. Alisema wazi, mbele ya wote, na akajiandaa kwa vita. Vita havikuja. Bosi alimwambia anamwelewa, mambo ya familia ni magumu, akampa kazi hiyo binti wa meza ya pili ambaye aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, maana maneno yote yalikuwa yameshasemwa na mzee jukwaani. Ilibaki kukata tu mahali pa kukohoa. Hadithi ilikuwa ya kampuni, saini ilikuwa ya Kitinda. Cheo alipewa, na alikipokea. Alikuwa na kodi ya nyumba, na kuacha kazi kwa hasira ni starehe ya watu wenye pa kurudi.

Saa ziliuzwa. Mawakili walizivaa, wachungaji walizivaa, mbunge mmoja alionekana nayo bungeni. Nyuma ya kila saa palichorwa king'ora kidogo kama punje ya mtama. Kibanda cha king'ora, chenye dirisha la kioo, kilijengwa kwenye lango la ghala, na watalii wa ndani waliletwa kukiona.

Na watu wakaanza kuja kwa baba. Kwanza walikuja wenzake wa zamani, wachache waliobaki, walewale waliompita barabarani bila salamu kwa nusu ya maisha yao. Mmoja, mzee mwembamba aliyewahi kuwa mchochea moto, alikaa kochini na kusema anaukumbuka ule mlipuko kama jana, hata paa liliruka.

"Hakukuwa na mlipuko," baba alimwambia. "Wewe ndiye uliyekuwa kwenye tangi. Kungekuwa na mlipuko usingekuwa hapa unakunywa chai."

"Umesahau, ndugu yangu," mzee yule alisema kwa huruma. "Umri huu. Mimi nimeuona kwa macho yangu."

Wakaja waandishi wa habari, wakaja wanafunzi na walimu wao, wakaja vijana wa kanisani. Wengine walitaka mlipuko na wengine walitaka kufukuzwa, kulingana na tangazo waliloliona. Mwanzoni baba aliwarekebisha, mmoja mmoja, kwa subira. Wao walitikisa vichwa kwa heshima, wakasubiri amalize, kisha wakauliza, "Na ile saa babu aliyokuvalisha, tunaweza kuiona?" Saa ilikuwa kabatini, pamoja na vikombe vya marehemu mama. Dada aliitoa, wakapiga picha.

Kitinda aliendelea kwenda kila Jumapili. Baba hakumnunia. Aliitikia salamu, akauliza habari za kazi, akalalamika juu ya paa la choo. Angemgombeza, angemfukuza hata, ingekuwa nafuu. Kuna siku alijaribu kumwomba radhi, akaanza na maneno aliyoyaandaa njia nzima, na baba akamkatiza kwa kumwomba amsogezee kiti kivulini.

Jumapili moja aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na mkate na mafuta ya kupikia, akamkuta Dada jikoni anamenya viazi. Sebuleni mlikuwa na wageni, wanandoa vijana, mume amevaa Vizazi mkononi. Sauti ya baba ilisikika kupitia pazia, inasimulia. Kitinda alisimama na mfuko mkononi.

"...nikavuta mnyororo," baba alikuwa anasema. "Watu wote wakatoka. Mtu wa mwisho alipokanyaga nje tu, tangi likapasuka, paa likaruka. Tajiri akaja. Akaivua saa yake, akanivalisha. Akaniambia, mzee, muda wangu ni wako."

Mke wa yule kijana alivuta pumzi. Dada Mkubwa hakuinua uso kutoka kwenye viazi. "Wiki ya tatu hii," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiwaambia ile nyingine wanakaa sana, wanabishana. Hii wanashukuru, wanaondoka."

Wageni waliaga. Kitinda aliwasikia wakisema wamebarikiwa kweli, na mlango ukafungwa. Akapita kwenye pazia. Baba alikuwa ameegemea kochi, macho ameyafumba, amechoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakufumbua macho. "Hebu niambie, wewe uliyeandika. Tajiri alisema 'muda wangu ni wako', au 'muda huu ni wako'? Huwa napachanganya hapo."

Kitinda alisimama katikati ya makochi.

"Muda huu," alisema.

"Haya," baba alisema. "Muda huu."